Mikunjo ya Mkono wa Kushoto

Saa nne asubuhi. Mgahawa bado haujafungua milango, lakini nyuma ya kioo kikubwa kinachotenganisha jiko na ukumbi, mwanamke aliyevaa glavu anakunja vifuko vya unga. Anatandaza kipande chembamba kiganjani, anatia kijiko cha nyama ya kusaga, kisha anakunja ukingo, mkunjo juu ya mkunjo, mara kumi na nne. Kikishafungwa, kifuko kinaingia kwenye kikapu cha mianzi kusubiri mvuke.

Tangu saa mbili amekunja arobaini. Zamani, kwa muda huo, angekuwa amepita mia. Leo anatumia mkono wa kulia, na mkono huo haumtii.

"Samaki mkunje angali mbichi," anasema bila kuinua macho. "Mimi nimeshakauka."

Ana miaka thelathini na tisa, ni mama wa binti mmoja, na rafiki zake humwita Shoto kwa sababu ndivyo alivyozaliwa. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mkunjaji wa vifuko katika mgahawa huu unaochanganya mapishi ya nchi mbalimbali za Asia. Aliyemfundisha ni mpishi mkuu wa kwanza, mzee mkali ambaye hakujali mkono bali kifuko.

"Aliniambia, kisipovuja, hata ukikunja kwa mguu mimi sina neno."

Kisha jiko likashika moto. Hakuna aliyeumia, ila milango ilifungwa kwa miezi minane. Shoto akawa anafua na kupiga pasi nguo za watu, akipata theluthi ya mshahara wake wa zamani. Mgahawa ulipofunguliwa tena mwezi uliopita, yeye alikuwa wa kwanza kuitwa. Alifika akakuta ukuta wa jiko umebomolewa na mahali pake pamewekwa kioo, ili wateja waone chakula chao kinavyotengenezwa.

Nao wakaona. Wiki ya pili, mteja mmoja akalalamika kwamba chakula chake kimekunjwa kwa mkono wa kushoto. Glavu hazikumtuliza.

Bosi, ambaye ukarabati umemmalizia akiba yote, alimwita Shoto pembeni. Ajifunze kutumia mkono wa kulia, au ahamie chumba cha nyuma kumenya vitunguu, kwa mshahara pungufu kwa robo. Akampa hadi Jumamosi. Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

Amekuwa akifanya mazoezi nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula. Binti yake wa miaka saba, ambaye naye ni mashoto, alikuwa akimtazama.

"Siku ya tatu nikamwona anaandika kazi ya shule kwa kulia. Herufi zimelala ovyo. Mkono wake ule mwingine ameukalia." Anafunga kifuko. "Vitunguu ningemenya tu. Hilo la mwanangu ndilo lililoniuma."

Saa saba mchana ukumbi umejaa. Kwenye meza ya nne, kona ambako kioo hakionekani, wameketi wanawake watatu waliofanya kazi hapa kabla ya moto. Mmoja alikuwa mwosha vyombo, sasa anauza viatu. Wa pili alikuwa mhudumu, sasa ni karani wa kliniki. Wa tatu ni mpishi wa wali, ambaye siku hizi anapikia wanafunzi wa bweni. Hawajawahi kukaa upande huu wa mgahawa. Wamechangishana kwa wiki tatu ili waje kula kama wateja, na Shoto hajui kama wapo.

"Hivi vijiti nimeviosha miaka sita," analalamika muuza viatu baada ya kuangusha cha pili. "Leo vinalipiza kisasi."

Vikapu vinne vinawasili. Mpishi wa wali anainama juu yake na kuanza kuchambua. Anajua kwamba mikunjo ya wapishi wote huelekea upande mmoja, isipokuwa ya rafiki yao.

"Hiki ni cha Shoto. Hiki siyo. Hiki siyo. Hiki chake, kuleni."

Dakika ishirini baadaye mhudumu anarudisha vikapu jikoni. Kati ya vifuko thelathini na viwili, kumi na tisa havijaguswa. "Meza ya nne wamevikataa," anasema, na bosi amesimama palepale.

"Nilijua kibarua kimeota nyasi," Shoto anakumbuka.

Bosi anabeba vikapu hadi meza ya nne kuomba radhi. Mpishi wa wali anamkatisha.

"Bosi, hatuna ugomvi na chakula. Sisi tumekuja kula mkono wa shoga yetu. Hivi vingine ni vya huyo mtu mpya. Mpe muda, bado hajaiva."

"Hapa hakuna mtu mpya," anajibu bosi.

Shoto, aliyemfuata nyuma, anawaona rafiki zake na kusimama. "Vyote ni vyangu," anasema. "Mlivyoviacha nimekunja kwa kulia. Hivyo mlivyokula, oda zilipozidi, mkono wa kushoto uliniponyoka."

Muuza viatu anashika mdomo. "Jamani! Tumekuja kumuunga mkono, kumbe tumemchongea!"

Wanacheka hadi meza za jirani zinageuka. Shoto naye anacheka huku anafuta machozi. Bosi hacheki. Anachukua kifuko kimoja kilichoachwa, kinapasuka, mchuzi unamtiririkia kwenye shati. Anauliza kama kuna cha mkono wa kushoto kilichobaki. Karani, aliyekuwa amehifadhi cha mwisho kwenye karatasi ampelekee mumewe, anakitoa kwa shingo upande. Bosi anatafuna polepole.

"Mteja mmoja amelalamikia mkono," anasema mwishowe. "Meza nzima imelalamikia chakula. Rudi kwenye kioo, tumia mkono unaoujua."

Saa tisa alasiri Shoto anakunja bila hata kutazama, huku anapiga soga na mpishi aliyesimama jirani yake. Anasema ndoto yake ni kuja kufundisha wakunjaji wapya. Lakini kwanza kuna kesho, Jumapili. Ameshaomba ruhusa ya kuja na binti yake.

"Sitamwambia kitu," anasema. "Atakaa upande ule wa kioo, amwangalie mama yake. Akichoka kuangalia, nitampa karatasi achore. Kalamu nitaiweka katikati ya meza, achague mwenyewe mkono wa kuichukulia."