Jike Aliyefunga

Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, ina fundi wa magari kila kichochoro, lakini fundi wa samaki ni mmoja. Kabla ya kugusa maji huosha mikono hadi viwikoni, bila sabuni, kisha huvinusa vidole. Dawa ya minyoo huipima kwa wingi wa maji, na hata mwenye samaki akilia haongezi tone. Khadidja alimwita kwa ajili ya samaki wa tangini ambao mumewe aliwaacha alipokimbia vita kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Khadidja aliapa kwamba mumewe akirudi atawakuta hai. Mmoja alikuwa na nyuzi nyekundu zikining'inia nyuma. Mwingine, jike, alikuwa amegoma kula.

“Fundi, bamwagie dawa bote, bapone.”

“Apana, mama. Huyu iko na minyoo, ninamutenga mu beseni. Ule amefunga tu.”

“Amefunga? Ramadhani ya wapi hiyo?”

“Angalia kidevu. Iko na batoto mu kinywa. Dawa yake itangoja abateme. Akishtuka sasa, atabameza.”

Hapo mzinga ukalia upande wa milimani, vioo vikatetemeka. Khadidja alikimbilia wanawe chumbani. Aliporudi alimkuta fundi kifua wazi, shati lake limefunika tangi la kioo, mikono yote miwili imelishikilia lisitikisike, naye ananong'ona kama anayebembeleza mtoto. Milio ilipokoma, Khadidja aliinua pindo la shati kwa woga. Jike alikuwa pembeni, anapumua taratibu, kidevu bado kimejaa.