Fisi wa Nyakato

Mchana Yeremia alichomelea mageti pale Nyakato. Msimu wa ngoma ulipowadia, baada ya mavuno, alikuwa fisi wa kikundi cha ngoma cha mtaa. Alivaa gunia lililopakwa majivu, akainua mabega, akashusha kiuno, akaenda upandeupande kama mnyama aliyeteguka nyonga. Mwendo huo aliuokota utotoni huko Magu, akichunga ng'ombe wa baba yake. Alipocheka kile kicheko cha fisi, mbwa wa mtaa mzima walibweka.

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Mbuzi wa jirani yake, bibi mmoja aitwaye Paskazia, alipotea, ikabaki kamba tupu. Wazee walisema wachawi hufuga fisi, basi watu wakaunganisha wenyewe. Kabla jua halijakolea, maneno yalishafika bombani. Waliozoea kununua maandazi kwa mkewe, Hellen, wakaanza kupita njia nyingine.

"Baba Queen, acha hiyo ngoma," Hellen alimwambia. "Utatuhamisha."

"Nikiacha sasa hivi, si nitakuwa nimekiri?"

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Yeremia alitwaa gunia lake akaenda mpaka uani kwa Paskazia. Bibi alikuwa akichambua dagaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," aliitikia bila kuinua macho.

"Nimekuja kuvaa mbele yako. Uone fisi anapoanzia."

Akavaa taratibu. Akamwonyesha bega linavyopanda, goti linavyolegea, mguu unavyoburutwa. Watu wakajaa uani. Bibi alitazama yote, kisha akauliza, "Na kile kicheko?"

Yeremia akacheka. Wawili watatu wakarudi nyuma. Paskazia aliinuka, akamshika koo, akapapasa pale sauti inapotokea, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Ni mtu," akawaambia waliosimama. "Mbuzi wangu tumtafute kwingine."

Walimtafuta, hakupatikana. Wapo wanaonong'ona mpaka leo, na Yeremia hagombani nao. Ila tangu siku ile huvalia gunia hadharani, katikati ya uwanja, kabla ngoma haijalia. Wapiga ngoma hulalamika kwamba anawaondolea watazamaji hofu. Yeye huwajibu kuwa watazoea. Mwaka huu kikundi kilialikwa Kigongo, na watu walijaa hadi wengine wakapanda juu ya mawe ili waone.