Sindano ya Stovu na Kabureta ya Mzee

Pikapu ya mume wangu imemzidi umri mtoto wetu wa kwanza, na mtoto huyo sasa ana mvi. Tunakaa Kimara, shamba letu liko Kimbiji, na kila Jumamosi tunakwenda kuangalia mihogo na minazi. Mwaka jana ilituzimia njiani mara tatu. Mara ya tatu tulikaa juani mpaka maji ya kunywa yakatuishia. Tuliporudi nikamwambia mzee mbele ya watoto wetu kwamba ikituzimia tena njia ya shamba, inauzwa. Akakubali. Mie nikisema neno silirudishi, na yeye analijua hilo. Wiki ile chakula alikuwa anakichezea tu.

Akamwita fundi wa Temeke anayezijua gari za zamani. Fundi alisikiliza injini, akatazama ule moshi mweusi, akasema ugonjwa uko kwenye kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Kuna njia mbili, akasema: kuifungua, kuiosha na kuitia vipira vipya, au kuitupa na kufunga nyingine mpya kabisa. Yeye alitaka mpya. Mzee alikataa. Alisema mpya haikutengenezwa kwa injini ile, itabidi kuchongewa kipande cha bati ndipo ikae, na waya wa choki hautafika. Wakavutana hapo mpaka chai ikapoa.

Mie nilikuwa upande wa fundi. Sufuria yangu ikitoboka natupa, silii. Lakini mzee aliomba ifunguliwe kwanza, basi nikamletea fundi sinia aweke vipande vyake visipotee mchangani.

Akatoa kimoja kidogo cha shaba, kama skrubu, kina tundu katikati. Anakiita jeti, ndimo petroli inamopita. Akakielekeza juani, akafumba jicho moja, akatazama muda mrefu.

"Mzee, nani kachokoa hii?"

Akatueleza kwamba tundu lile linapimwa kiwandani. Ukilichokoa na waya linatanuka, petroli inamiminika kupita kiasi, na injini ikishapata moto inabanwa na kuzima.

Mzee akainama kama anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Hapo nikajua. Kabla ya kuhamia gesi nilikuwa napikia stovu ya kupampu, na stovu ile ina sindano yake, waya mwembamba uliobanwa kwenye kibati, wa kuzibulia tundu la mafuta ya taa. Sindano zangu zilikuwa zinapotea kila mara. Nilimsema sana binti aliyekuwa akinisaidia kazi. Nilimwambia ana mikono mizembe, akalia, na mie sikumbembeleza. Kumbe mwizi nalala naye kitanda kimoja.

Nikakumbuka pia zile Ijumaa jioni. Mzee alikuwa anafunua boneti, anajiinamia humo mpaka magharibi, na mie nikidhani anafuta vumbi. Alikuwa anachokoa jeti ili kesho yake mke wake asikae juani. Miaka yote hiyo, na tundu linazidi kupanuka.

Fundi bado alikuwa anangoja jibu. Shule niliishia darasa la nne, lakini uongo nilifundishwa kuukataa hata kabla ya kujua kusoma.

"Ni mie," nikasema. "Niliona imeziba, nikachukua sindano ya stovu."

Fundi akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Bibi, hii siyo stovu."

"Sasa nimejua. Mbali na hiyo jeti, kuna kingine kilichoharibika?"

Akaigeuzageuza kabureta. Mwili wake hauna ufa, akasema, na jeti anaweza kuitoa kwenye kabureta kuukuu iliyoko gereji kwake.

"Basi haitupwi," nikasema. "Kaitafute."

Fundi alirudi baada ya siku mbili na hiyo jeti, akaifunga. Asubuhi iliyofuata nikaikuta sindano kwenye rafu ya jikoni, imeviringishwa kwenye kitambaa safi. Nikampigia simu yule binti, siku hizi ana watoto wake, nikamwomba radhi. Akasema alishasahau. Mie nilikuwa sijasahau.

Jumamosi tukaondoka. Daraja la Kigamboni tulivuka vizuri, moshi hakuna, mzee anapiga mluzi. Tulipokaribia Kimbiji, pale penye mchanga mwingi, pikapu ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.

Mzee hakugeuka kunitazama. Alishika usukani kwa mikono miwili, na mluzi ukaishia hapohapo.

Nikafungua mlango. "Umefanya vizuri kusimama," nikamwambia. "Nilitaka kushuka ninunue samaki."

Nikatembea mpaka kwenye kona, nikasimama huko. Pale hapauzwi samaki, ni vichaka vitupu na mbuzi wawili wa watu. Nikahesabu wale mbuzi mara nyingi kuliko walivyohitaji. Mara nikasikia injini inajaribu, inakataa, inajaribu tena. Ikawaka. Nikangoja kidogo itulie, ndipo nikarudi mikono mitupu, nikapanda.

Tulikwenda kipande kirefu.

"Samaki wako wapi?" akauliza.

"Wameisha," nikamwambia. "Tazama mbele."