Kito cha Saba Nilichotafuta na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ndiye mchezaji shupavu kuliko wote niliowahi kuandamana nao, na simsifu eti kwa sababu alinipa mke. Namsifu kwa sababu nilimwona akimkabili joka ana kwa ana huku mimi, mzoefu wa mchezo huo kwa miaka, nikitafuta njia ya kutorokea.

Mambo yalianza alipovunjika nyonga. Aliteleza shambani kwake Mabanga akimfukuza ng'ombe wa jirani kwenye mahindi, na daktari akamwambia atulie kwa miezi kadhaa. Mumewe alikwisha kufariki na watoto wametawanyika. Mke wangu akawa akitoka kazini Ijumaa hapa Kitale anashika usukani moja kwa moja hadi huko Mabanga, Bungoma, kumwogesha na kumpikia, kisha Jumapili jioni anarudi amechoka hata kuongea hawezi. Wakati huo wote, nyumba yetu ilikuwa na chumba kizima kisicho na mtu.

Lakini mama hakutaka kusikia. Kwetu sisi Wabukusu, mama mkwe halali kwa mkwewe. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Tangu nioe nilikuwa nimemwona mara chache sana, tena kwa mbali.

"Afadhali nikufe hapa hapa," alimwambia binti yake, kwa Kiswahili chake ambacho mara nyingi hugeuza l kuwa r. "Nirare kwa mkwe, watu waseme nini?"

Mimi nilitaka aje, kwa sababu mke wangu alikuwa anaisha nikimwona. Wakati huo huo niliomba asije, maana sikujua ningepitia wapi kwenda bafuni.

Ili asishinde akikodolea macho mabati, mke wangu alimwekea mchezo kwenye simu, ule ule ninaoucheza mimi. Ni nchi ya kubuni yenye majoka na misitu inayotembea, ambamo wachezaji wawili wawili hutafuta vito saba vya ajabu. Kito chekundu huwasha moto, cha kijani huotesha daraja la mizizi juu ya korongo, cheupe humgandisha adui pale aliposimama. Mkipata vyote saba, mji uliolaaniwa unaamka. Mke wangu hana subira na mambo hayo, basi akaniambia niandamane na mamake. Simu haina mwiko, alisema, na kweli tulikuwa tukijuliana hali kwa simu miaka yote.

Nilidhani nitamfundisha. Kumbe! Baada ya muda mfupi alikuwa ananipigia kelele kupitia spika ya simu.

"Mkwe, unakimbia nini? Hiyo nyoka ni ya simu!"

Sifa yangu ya ubingwa ikaanza kupukutika, na sikujali. Nilifurahi. Nilikuwa namjua mama yule kwa mara ya kwanza: ana hasira, ana utani, na akishinda hucheka mpaka anakohoa. Tulipata kito baada ya kito hadi tukafikisha sita.

Cha saba kilikuwa pangoni, nyuma ya mlango wa jiwe. Mlango huo ulichongwa mikono miwili iliyoshikana. Tuliupiga moto. Tuliumwagia maji. Tuliuotesha mizizi. Mama akautukana kwa Kibukusu. Ulikaa vile vile. Jioni baada ya jioni tukaja tukashindwa, nami nikaanza kusema mchezo una kasoro na walioutengeneza hawana akili.

Ukweli ni kwamba kasoro ilikuwa yetu. Ndani ya pango lile, mchawi wangu mfupi mwenye kofia alikuwa akisimama kule mwisho, karibu na mlango wa kuingilia. Shujaa wa mama, mwanamke mwenye deraya na mkuki, alikuwa amenipa mgongo. Na haikuwa pangoni tu. Madaraja ya kuvukwa na watu wawili tulikuwa tukiyavuka mmoja mmoja, tukingojana, huku majoka yakitushambulia kwa zamu. Hakuna aliyekuwa ametamka lolote. Vidole vyetu vilijua adabu.

Jumapili moja alasiri mke wangu alikuwa kwa mamake, akikunja nguo kando ya kitanda. Nilisikia mvua ya Mabanga kwenye simu, kisha sauti yake yenye uchovu.

"Kwani nyinyi hamuoni? Hapo imechorwa mikono. Si mshikane tu mikono!"

Kitufe cha kupeana mkono kilikuwa pale pembeni. Nilikuwa nimekibonyeza na wageni wengi nisiowajua. Sasa kidole kilikataa kabisa. Nikaona aibu kana kwamba nimekutwa uchi.

"Mkwe," mama akasema. "Uko?"

"Niko, mama."

"Ni wewe umesimama huko mbari kama mwizi wa kuku?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Mimi pia nimekupa mgongo nikuheshimu." Akaanza kucheka kidogo kidogo. "Tumeheshimiana mpaka mrango imekataa. Kuja, bana. Leta mkono."

Mchawi wangu akavuka pango. Shujaa wake akageuka. Tukabonyeza.

Mlango uliunguruma ukafunguka, na kito cha saba kikapanda juu, cha buluu, kikimulika pango lote. Mji ukaamka, kengele zikalia, watu wa mawe wakaanza kucheza ngoma barabarani. Nilipiga ukelele hata mbwa wa jirani wakabweka. Mabanga nako vigelegele vilipasua spika, na katikati yake mke wangu akilia kwa furaha na hofu: "Mama, nyonga! Mama, keti!"

Alipotulia, mama alivuta pumzi. "Tumeshikana mkono," akasema polepole, "na hakuna mtu amekufa."

Kesho yake aliwapigia simu shemeji zake akawaarifu kwamba anakwenda kupona kwa bintiye. Mmoja alipinga vikali. Mama akamuuliza kama ni yeye atakayekuja kumwogesha. Shemeji akakumbuka ana kazi shambani.

Jumamosi gari liliingia kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kuwa jasiri, lakini miguu ilinipeleka yenyewe nyuma ya tangi la maji. Nikasikia mlango wa gari, kisha chuma cha kutembelea kikigonga saruji, taratibu, kikaja hadi karibu na tangi kikasimama.

"Mkwe, toka huko," mama akasema. "Chumba yangu ni gani?"

Nikatoka, nikatangulia kumwonyesha.