Karakana ya Shemeji

Fundi mapazia wa chumba cha pili alikuja na habari yake asubuhi, pini bado ziko mdomoni, maana habari ile haikuweza kungoja azitoe.

"Mama Tonge, shemeji yako ana mwanamke mle ndani."

Mama Tonge alikuwa anakamua nepi. Hakugeuka. "Mwanamke gani tena?"

"Mimi nitamjuaje? Mwenyewe hasemi kitu. Shemeji yako tu ndiye anayefoka, nami nasikia yote ukutani. 'Simama hapo. Haya, songa. Songa. Ingia ndani. Aa, usiingie, pita!' Mwenzangu, mtoto wa watu anaamrishwa kama kuruta! Na kazini haendi. Kama hajafukuzwa, basi akili zimemruka."

"Labda vyote viwili," akasema Mama Tonge, na fundi akacheka mpaka pini moja ikamdondoka. Ikabidi wote wawili wainame kuitafuta kabla Tonge hajaifikia, kwani mtoto yule alikuwa ameanza kutambaa, na kwake kila kilichokuwa sakafuni kilikuwa chakula.

Fundi alipoondoka, kicheko kiliondoka naye, wasiwasi ukabaki. Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa mtu wa kuomba chumvi mezani kama anayeomba msamaha. Kufoka hakukuwa kwake kabisa. Mama Tonge akamfunga mwanawe mgongoni, akamimina chai iwe kisingizio, akaenda kubisha hodi.

"Karibu, shem."

Mlango aliuacha wazi, maana fundi mapazia alikuwa na macho, akakaa kwenye kigoda. Mwanamke hakuwapo. Palikuwa na meza, kompyuta, na shemeji mwenyewe, macho mekundu, mguu wa kulia unatikisika chini ya meza. Mama Tonge aliujua mguu ule. Ukitikisika hivyo, kuna jambo limekwama.

"Jirani anasema umeoa."

"Ningekuwa nimeoa, chai ingekuja saa hizi?"

"Sasa unamfokea nani?"

Shemeji akaona haya. Akaonyesha kioo cha kompyuta kwa kidevu. "Huyu."

Kazi yake ilikuwa kuandika programu. Hii ya sasa ilikuwa ya zahanati: mtoto akikaribia siku ya chanjo, mama yake anatumiwa ujumbe kwenye simu. Naye aliiandikia ndani ya programu nyingine kubwa, ambayo aliiita karakana, kwa sababu mlikuwa na vifaa vya kila namna, vya kuandikia, vya kupimia, vya kusakia makosa.

"Na katika vifaa vyote hivyo, shem, miaka yote nimeshika nyundo tu."

Nyundo yenyewe ilikuwa hivi. Programu ikipotea njia, alikuwa anapachika maneno katikati ya mistari yake, "nimefika hapa", ili programu iyaseme ikipita naye ajue imepotelea wapi. Akishajua, anayafuta. Mwezi uliopita alisahau kufuta mahali pamoja.

Yaliyofuata Mama Tonge aliyajua, maana mtaa mzima uliyajua. Akina mama walipata ujumbe kutoka namba wasiyoijua, hauna salamu, hauna jina: "Nimefika hapa." Mmoja, mumewe aliusoma kabla yake, akachukua ufagio akazunguka nyumba nzima kumtafuta huyo aliyefika. Mwingine alijibu, "Subiri, natoka," na mpaka leo hataki kusema alidhani ni nani.

Mama Tonge alijitahidi kujizuia, lakini mabega yalimsaliti, na Tonge mgongoni akatikisika naye.

"Cheka tu. Bosi wangu yeye hakucheka." Shemeji akashika kikombe bila kunywa. "Sasa wauguzi wanalalamika kuna watoto hawatumiwi ujumbe kabisa. Bosi akasema: kaa nyumbani wiki hii, jifunze vifaa vya watu wazima, unitafutie kosa. Ikifika Ijumaa hujalipata, programu apewe mwingine, nawe urudi chumba cha kutengeneza printa. Shem, programu hii nimeilea tangu haijui hata kutambaa."

"Na leo si ndiyo Ijumaa?"

"Ndiyo hiyo."

Basi kule kufoka kulikuwa kujifunza. Karakana ilikuwa na kifaa cha kuisimamisha programu kwenye mstari uutakao, kisha ukaisogeza mstari mmoja mmoja, ukichungulia kila kisanduku cha taarifa kimebeba nini. Ukitaka kuona kazi ndogo inavyofanyika, unaingia ndani yake, na usipotaka, unapita. Vidole vyake vilikuwa bado vinachanganya vitufe, ndiyo maana alijiamrisha kwa sauti. Tabu ilikuwa wingi wa watoto. Tangu juzi alikuwa anamfuatilia kila mmoja, mstari kwa mstari, na wote walikuwa sawa.

"Nikichoka naruka. Na pale ninaporuka, pengine ndipo alipo huyo asiyetumiwa."

Akarudi kwenye maelezo ya karakana, akasoma huku midomo inacheza. Mama Tonge akambembeleza mwanawe kwa mgongo, taratibu.

"Ala!" Shemeji akasogeza kiti. "Kumbe unaweza kuipa sharti!"

"Sharti gani?"

"Kwamba isisimame kwa kila mtu. Iwapite wote, isimame kwa yule tu asiyetumiwa ujumbe. Mimi nagonga hodi nyumba hadi nyumba, kumbe ningeituma yenyewe ikaniletee!"

Akaandika sharti lake, akabonyeza. Kwenye kioo mambo yakakimbia. Mama Tonge hakutazama kioo, alitazama mguu. Ghafla ukatulia.

"Imesimama," shemeji akanong'ona.

Jina la mtoto lilikuwapo. Tarehe ilikuwapo, na namba ya simu ya mama pia. Akachungulia mtoto aliyetangulia: namba ile ile, siku ya kuzaliwa ile ile. Akairuhusu iendelee, ikasimama kwingine, hali ile ile.

"Ni mapacha, shem. Wa kwanza inamwandikia. Akija wa pili, inaona namba ya mama haikubadilika, inamwambia wewe nimeshamalizana nawe."

"Nani kaifundisha ubaya huo?"

Shemeji akajikuna kisogo. "Mimi." Baada ya fedheha ya "nimefika hapa" alikuwa ameweka katazo kwa haraka, simu moja isipate ujumbe zaidi ya mmoja kwa siku, ili asiwasumbue watu tena.

Safari hii Mama Tonge hakucheka. Alimfikiria mama anayembeba mmoja kwenda zahanati na kumwacha mwenzake kwa bibi, kwa kuwa simu imetaja jina moja. Akapeleka mkono nyuma, akakishika kisigino cha Tonge.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Katazo likahamishwa kutoka kwenye simu likawekwa kwa mtoto. Shemeji akairudisha programu mwanzo, na sharti lake vile vile, ikakimbia mpaka mwisho bila kusimama popote. Hapo ndipo alipoinywa chai, imepoa, akasema ni tamu. Akampigia bosi.

"Ndiyo, bosi, nimelipata... Mapacha... Ndiyo, ni mimi mwenyewe... Hapana, ile nyundo ya zamani sikuigusa." Kisha akaibana simu sikioni. "Mimi? Wote?" Mguu ukaanza tena.

Akaiweka simu mezani kama yai.

"Kakufukuza?" akauliza Mama Tonge.

"Afadhali. Programu inabaki kwangu. Ila Jumatatu nisimame mbele ya ofisi nzima niwafundishe karakana. Mimi, shem! Ninayetoka jasho nikiambiwa niombee chakula!"

"Si unajua sasa?"

"Kujua najua. Kusema ndiko sijui." Akamtazama, akatazama mlango, akamtazama tena. "Mtoto akilala mchana, uje ukae hapo hapo, nikufundishe wewe kwanza."

"Mimi niliishia shule ya msingi, shem. Nitaambulia nini humo?"

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Wale wa ofisini wataitikia tu kwa vichwa, hakuna atakayekubali kuonekana hajui. Wewe usipoelewa unakunja uso, na leo umeukunja mara nyingi. Nakuomba kitu kimoja tu, shem: usinionee huruma ukaukunjua kabla hujaelewa."