Methali za Mpika Rakia

Mpika rakia wa kijiji hapimi ukali wa pombe hiyo ya matunda kwa chombo. Huchovya kidole penye mrija wa shaba, husugua viganja, hunusa, kisha huondoa ndoo kabla matone dhaifu ya mwisho hayajaharibu kinywaji. Zamani mikokoteni ilipanga foleni hadi kanisani ikiwa na mapipa ya plamu. Siku hizi huja wazee watatu wanne, na kila mmoja huondoka na methali. Mwenye haraka huambiwa, "Kazi ya haraka ni aibu ya fundi." Mzembe huambiwa, "Anayewahi ndiye anayepakia." Wakimcheka kwamba zinapingana, huwauliza, "Kwani nyinyi mna mguu mmoja?"

Jana alikuja Nedelka, jirani yake mjane. Mwanawe aliyeko Hispania anataka mama yake auze nyumba amfuate, na mnunuzi anasubiri jibu leo. "Nipe methali, fundi. Ya kwenda au ya kubaki, ila moja tu. Usinichanganyie."

Mpika rakia akausahau mrija. Ndoo ikaendelea kupokea yale matone dhaifu, na Nedelka, ambaye hakuwahi kumwona akikosea, akaisogeza mwenyewe.

"Mke wangu alipohamia mjini Varna akaniita nimfuate," alisema fundi, "nilimjibu kwamba jiwe huwa na uzito mahali pake. Ni methali nzuri, dada. Nimeishi nayo miaka thelathini na mmoja, mimi na hiyo methali tu."