Kuilaza Injini Nisiyokuwa Nayo

Mwanangu wa pekee yuko Norwe. Hunipigia kila Jumapili baada ya misa, ila tangu mama yake afariki mazungumzo yetu yalikuwa yamekauka kabisa. Shikamoo Baba. Marahaba, mzima? Mzima. Kazi? Nzuri tu. Haya Baba, tutaongea. Dakika mbili, simu imekatwa, nami nabaki hapa Bonga, nje kidogo ya Babati, na nyumba ya vyumba vinne, nabishana na redio.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi nikamuuliza, hivi kazi yenyewe hasa ni ipi? Akasema ni karakana ya jetski, zile pikipiki za majini, na majira hayo wanazilaza, yaani wanaziandaa zikae bila kutumika, kabla baridi kali haijaingia. Maji yakibaki ndani ya injini yanaganda, yakiganda yanavimba, yakivimba yanapasua bloku. "Acha wee!" nikasema. Maji yapasue chuma? Basi akaanza kunieleza, na alieleza dakika arobaini nzima, kwa ile sauti aliyokuwa nayo akirudi shule na habari. Nilipoona anataka kuaga nikaogopa. Nikaropoka: "Nifundishe vizuri basi, na mimi nataka kuilaza ya kwangu."

Ya kwangu ipi? Injini ya boti niliyokuwa nikiwazungusha nayo wageni ziwani kutazama viboko, nilishaiuza kwa mtu wa Sigino mwaka mmoja nyuma, mgongo uliponigomea. Yeye sikumwambia. Na barafu Babati iko wapi, mwezi wa kumi jua linachoma mpaka utosini? Lakini hakubisha.

Tukaanza. Jumapili ya kwanza, kumwaga maji yote. Ya pili, dawa ya kuzuia kuganda. Ya tatu, kufungua plagi na kudondosha oili kwenye matundu yake. Mimi nimekaa sebuleni, mikono mikavu, naitikia: "Ndiyo, nimedondosha, sasa naizungusha." Mzee mzima! Nimetoka kupokea komunyo hata saa moja haijapita, nadanganya bila haya. Tena nilijifanya mzito wa kuelewa makusudi, nikimrudisha nyuma kila alipotaka kusonga. Nilijua injini ikishalala, sisi tutarudi kwenye dakika zetu mbili, na wazo hilo liliniuma kuliko mgongo.

Jumapili ya tano akasema, "Baba, washa kamera nione hizo plagi." Nikamwambia bando langu ni dogo, picha italimaliza. Wiki iliyofuata akaninunulia bando yeye mwenyewe. Hapo nikabanwa. Nikawasha kamera, nikaenda nayo hadi kibandani nyuma ya nyumba, nikamwonyesha ubao mtupu ilipokuwa ikifungwa injini, na kuku wawili waliojilalia chini yake.

"Niliiuza," nikasema. "Nisamehe. Nilitaka tu tuongee."

Nikajua amekasirika, na haki anayo. Halafu kamera ya upande wake ikawaka. Sikuwa nimeuona uso wake kwa miezi mingi. Alikuwa amekaa kitandani na koti mwilini, ndevu hazijanyolewa, chumba chenyewe kidogo hata kiti hakina.

"Baba, mimi karakana walinipunguza tangu mwezi wa nne," akasema. "Mwaka huu sijalaza hata jetski moja. Nilikuwa nakueleza za mwaka jana."

Nikafoka. Mimi hasira zangu haziko mbali hata siku ya huzuni. "Miezi yote hiyo! Kwa nini usiniambie, wewe mtoto? Mimi ni nani wako?"

Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Ulikuwa unaniuliza maswali, Baba. Huku hakuna mtu anayeniuliza kitu."

Nikakaa juu ya ndoo palepale kibandani, tukalia wote wawili, kila mtu na simu yake.